Kukodi, kununua vilivyotumika au kununua vipya: ulinganisho wa vifaa vya parachuti kwa mrukaji mchanga wa Lubumbashi

Miongozo mingi ya kununua parachuti huandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na uwanja wa kuruka, anayeweza kuruka kila mwisho wa juma, na ambaye fundi wake yuko umbali wa nusu saa kwa gari. Mkaazi wa Lubumbashi aliyekwisha kupata leseni yake ya kwanza haishi hivyo. Yeye hufunga safari: hupanda ndege ya Johannesburg na kuendelea hadi kwenye mojawapo ya viwanja vya Afrika Kusini, au huenda Diani kwenye pwani ya Kenya, au Swakopmund nchini Namibia, akaruka kwa wiki moja au mbili, kisha akarudi nyumbani na kukaa miezi mingi bila kugusa kishikio cha parachuti. Hali hiyo hubadilisha jibu la karibu kila swali la ununuzi, na ndiyo sababu nimeufanya ulinganisho huu kwa kipimo kimoja: ni kifaa kipi kitakachomfaa zaidi mtu anayesimama mlangoni mwa ndege kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita?

Kipimo hicho kina msingi. Chama cha mchezo huu nchini Marekani, USPA, hutoa leseni ya A kwa mtu mwenye miruko isiyopungua 25, na humtaka mwenye leseni hiyo aliyekaa zaidi ya siku 60 bila kuruka ajikumbushe kwanza chini ya uangalizi wa mwalimu. Ukijumlisha muda wote wa kuanguka kabla ya mwavuli kufunguka katika miruko hiyo 25, haufiki nusu saa. Ni ujuzi halali, lakini bado ni mwepesi, na unasahaulika upesi kuliko mwenyewe anavyodhani. Kwa mtu wa Lubumbashi siku 60 hupita karibu kati ya kila safari na nyingine, kwa hiyo yafaa achague vifaa vyake akikumbuka kwamba kila safari itaanza akiwa amefifia kiujuzi.

Njia tatu za kupata vifaa

Kukodi kwenye uwanja wenyewe ndiyo njia ambayo wengi huidharau, ilhali kwa mwaka wa kwanza baada ya leseni naiona kuwa bora. Vifaa vya kukodi hukaguliwa na mafundi wa uwanja, mwavuli wa akiba (wa pili, unaofunguliwa mkuu ukishindwa) hukunjwa upya kwa wakati, na mwalimu anayekuona ukitua leo anaweza kesho kukupa mwavuli mkubwa zaidi bila wewe kupoteza hata senti. Chukua mfano wa mtu anayeruka mara ishirini kwa mwaka: hata akitozwa dola 30 kwa kila mruko, mwisho wa mwaka atakuwa ametoa dola 600, ambazo ni kama nusu tu ya bei ya kifaa kipya cha otomatiki cha kufungua mwavuli wa akiba, kabla hajanunua mwavuli wowote.

Kukodi kuna kasoro moja nzito, nayo ni mabadiliko ya vishikio. Baadhi ya vifaa vya wanafunzi vina kishikio kimoja tu cha dharura, ambacho ukikivuta huachilia mwavuli mkuu na kufungua wa akiba kwa pamoja, wakati vifaa vya wenye leseni vina vishikio viwili: cha kulia cha kuachilia mwavuli mkuu, na cha kushoto cha kufungua wa akiba. Mtu aliyejifunza kwa mfumo wa kwanza, akakaa miezi minane Lubumbashi, kisha akakodi mfumo wa pili, ana hatari ya kuvuta kimoja na kungoja. Anayekodi hana budi kuuliza mfumo aliopewa kabla hata ya kuulizia bei, na kuuzoeza mwili wake akiwa bado chini, akiwa ameuvaa mkoba unaobeba miavuli yote miwili, mpaka mikono ifuate mpangilio bila kufikiri.

Kununua vilivyotumika ndiyo njia inayovutia mfuko. Seti kamili iliyotumika na iliyo katika hali nzuri hupatikana kwa dola elfu tatu hadi tano hivi, na seti mpya hupita kwa urahisi dola 8,000. Tofauti hiyo ni kubwa, na si vibaya kuitaka. Lakini rahisi huwa ghali pale mnunuzi anapotazama rangi na picha badala ya tarehe. Yanayopasa kutazamwa ni mwaka wa kutengenezwa kwa kila sehemu, idadi ya miruko ya mwavuli mkuu, hali ya kamba, mara ambazo mwavuli wa akiba umekunjwa au umetumika, umri uliobaki wa kifaa cha otomatiki, na kama mtengenezaji amewahi kutoa tangazo la usalama kuhusu mkoba ule. Kwa mfano, kampuni ya Performance Designs hutaka mwavuli wake wa akiba urudishwe kiwandani kukaguliwa baada ya kukunjwa mara 40 au kutumika mara 25. Kadi inayosafiri pamoja na mkoba ndiyo inayotoa habari hizi, na muuzaji asiye na kadi hauzi kitu cha kununuliwa.

Hapa mtu wa Lubumbashi anapaswa kujihadhari kuliko wengine. Kuagiza mkoba uliotumika uje moja kwa moja mjini, upite forodhani, kisha uuvae siku ya safari bila fundi kuufungua, ni kuiweka hatua muhimu kuliko zote mahali ambapo haitafanyika. Njia iliyo salama ni kuelewana na muuzaji kwamba mkoba utumwe kwa fundi mwenye cheti katika nchi utakakorukia, fundi aufungue wote na kuandika alichokiona, na malipo yafanyike baada ya hapo. Muuzaji mwaminifu huukubali mpango huo, kwa kuwa ni desturi ya kawaida katika mchezo huu.

Kununua vipya kuna faida moja ambayo haipatikani kwa njia nyingine: mikanda ya mwilini hushonwa kwa vipimo vyako. Mikanda isiyokaa vizuri si suala la starehe. Mikanda ya mapaja ikilegea na ya kifua ikapanda, vishikio huhama kutoka mahali ambapo mkono ulizoea kuvikuta, na anayevitafuta ni mtu aliyebakiwa na sekunde chache. Kwa upande mwingine, mkoba mpya huagizwa miezi kadhaa kabla, nawe unapoagiza unalazimika kusema utavaa mwavuli wa ukubwa gani. Na mrukaji mwenye miruko 30 hana jibu la kuaminika kwa swali hilo. Wengi huagiza mkoba mdogo wakitarajia kwamba watakuwa wamepevuka utakapofika, kisha hulazimika kuruka na mwavuli mdogo kwa sababu mkubwa hauingii mkobani. Kwa anayeruka mara chache kwa mwaka, sioni sababu ya kununua vipya kabla ya miruko mia moja hivi, isipokuwa umbo lake ni la pekee kiasi kwamba hakuna mkoba uliotumika unaomkaa.

Mwavuli mkuu: ukubwa kwanza, jina baadaye

Katanga ina kumbukumbu yake ya miavuli. Tarehe 19 Mei 1978 askari wa kikosi cha pili cha miavuli cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka Kolwezi, na picha ya miavuli ya duara ikishuka juu ya mji ule ingali katika mazungumzo ya wazee wetu. Nimeitaja kwa sababu mavazi na vifaa vya kijeshi vilivyokwisha muda huuzwa sehemu nyingi, na mtu anaweza kushawishika. Mwavuli wa duara wa kijeshi umetengenezwa kumshusha askari mwenye mzigo kutoka kimo kidogo, akitua kwa kishindo, na uwezo wake wa kuongozwa ni mdogo mno. Mwavuli wa michezo ni bawa: hujaa hewa katika vyumba vyake, husonga mbele, hugeuka, na mrukaji akivuta breki zote mbili, yaani kamba za kuuongozea za mkono wa kulia na wa kushoto, kwa wakati unaofaa hupunguza kasi na kutua kwa miguu. Vitu hivi viwili havilinganishwi, na cha kwanza hakimfai mrukaji wa michezo kwa bei yoyote.

Kati ya miavuli ya bawa, jambo la kwanza kulinganisha ni uwiano wa uzito na eneo. Huchukuliwa uzito wa mrukaji pamoja na kila alichovaa, kwa pauni, ukagawanywa kwa eneo la mwavuli kwa futi za mraba. Mtu wa kilo 75, akiongeza kilo 12 za vifaa na mavazi, ana kilo 87, yaani pauni 192 hivi. Chini ya mwavuli wa futi 230 uwiano wake ni 0.83, chini ya 210 ni 0.91, chini ya 190 ni 1.01, chini ya 170 ni 1.13, na chini ya 150 ni 1.28. Miongozo ya USPA inapendekeza mwenye leseni ya A asipite 1.0. Kwa hesabu hiyo 190 imeupita ukingo kidogo, na kwa mtu anayerudi baada ya miezi sita mimi ningechagua 210 bila kusita.

Kinachofanya uamuzi huu uwe mzito ni kwamba sehemu kubwa ya ajali mbaya katika mchezo huu huwapata watu ambao mwavuli wao umefunguka vizuri kabisa. Wanageuka wakiwa karibu mno na ardhi, kukwepa uzio au mtu mwingine, au kuuelekea upepo, na mwavuli unapogeuka hupiga mbizi kabla ya kunyooka. Mwavuli mkubwa wenye mzigo mdogo hupoteza kimo kidogo zaidi katika mgeuko uleule, na huja kwa mwendo unaompa aliyefifia muda wa kuona kosa lake. Mwavuli mdogo hujibu kila mguso wa mkono, pamoja na mguso wa woga.

Kuna jambo la kwetu linaloongeza uzito wa shauri hili, nalo ni kimo cha ardhi. Aliyejifunzia Diani alijifunza usawa wa bahari. Siku atakaporuka kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini, mahali penye mita 1,200 au zaidi juu ya bahari kama Lubumbashi yenyewe, hewa itakuwa nyepesi zaidi, na mwavuli uleule utasonga kwa kasi halisi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 6. Siku ya joto kali tofauti hiyo huweza kukaribia asilimia 10. Mkono hauhisi tofauti yoyote kwenye breki. Macho ndiyo yatakayoona ardhi ikija haraka kuliko yalivyozoea, na mtu huyo atavuta breki mapema mno au atachelewa. Kwa hiyo anayehama kutoka pwani kwenda nyanda za juu akodi mwavuli mkubwa zaidi kwa miruko ya kwanza, hata kama ule wa pwani alikwisha kuuzoea.

Baada ya ukubwa huja umbo. Miavuli ya vyumba tisa, kama Sabre3, Pilot au Safire, huteleza mbali zaidi na kuitikia breki vizuri wakati wa kutua. Ile ya vyumba saba, kama Spectre na Triathlon, hushuka kwa mwinuko mkali zaidi na husifika kwa kufunguka kwa upole. Mrukaji mchanga anaweza kuishi vizuri na aina yoyote kati ya hizi mbili mradi ukubwa uwe sahihi, ingawa kwa anayefika kwenye uwanja asioujua ningependelea vyumba tisa, kwa kuwa mteremko wake mrefu humsaidia kurudi uwanjani anapokuwa ametoka kwenye ndege mbali kidogo. Miavuli iliyochongwa sana kwenye ncha ni ya wazoefu, si ya mrukaji mchanga.

Kitambaa nacho kina hesabu yake. Kile kisichopitisha hewa hudumu kwa miruko mingi na hutunza nguvu ya breki, lakini kikiwa kipya huteleza mikononi na kumtesa mtu anayejifunza kukunja. Kitambaa cha zamani kinachopitisha hewa kidogo hukunjika kwa urahisi, ila baada ya miruko mia kadhaa nguvu ya kutua hupungua, na mnunuzi wa kilichotumika hugundua hilo kwa magoti yake. Kwa upande wa kamba, zile nene za dakroni hunyumbuka na kulainisha ufungukaji. Zile nyembamba za spektra hupungua urefu kwa joto la msuguano, kamba za breki zikitangulia, hadi mwavuli unaanza kwenda kombo. Ukiambiwa mwavuli una miruko 500 na kamba zake ni zilezile za kiwandani, ondoa gharama ya kamba mpya kwenye bei unayokubali kulipa.

Mwavuli wa akiba haupewi nafasi inayostahili katika mazungumzo ya ununuzi. Seti nyingi zilizotumika zina mwavuli wa akiba mdogo, kwa kuwa mwenye kuuza alikuwa mzoefu. Mtu wetu wa pauni 192 akining'inia chini ya akiba ya futi 143 ana uwiano wa 1.34, na anaweza kuwa chini yake akiwa ameumia bega, au hana fahamu, au anatua kwenye mashamba asiyoyajua. Akiba iwe na ukubwa ambao ungekubali kuutumia kama mwavuli mkuu. Nimeona watu wakikataa mwavuli mkuu wa futi 150 kwa busara, kisha wakanunua seti yenye akiba ndogo kuliko huo.

Viunganishi vya dharura

Mwavuli mkuu ukifunguka vibaya na mrukaji akauachilia, lazima ule wa akiba ufunguke. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kutegemea mkono wake mwenyewe tu. Ya pili ni ukanda unaounganisha mkanda wa mwavuli mkuu na pini ya akiba, ambao huivuta pini hiyo mara tu mwavuli mkuu unapoondoka. Ya tatu ni mfumo ambao mwavuli mkuu unaoondoka huutumia uzito na mvuto wake kuutoa wa akiba kabisa mkobani, na mashuhuri kati ya mifumo hiyo ni Skyhook ya Bill Booth, mtu yuleyule aliyebuni pete tatu za kuachilia mwavuli ambazo sasa ziko kwenye karibu kila mkoba wa michezo.

Wazoefu wanaovaa kamera au wanaoruka na miavuli midogo sana wana hoja zao za kuukataa ukanda huo. Hoja hizo si za mrukaji mchanga. Kwake yeye ukanda ni wa lazima, na mfumo wa tatu, kama bei inaruhusu, ni bora zaidi, kwa kuwa hupunguza kimo kinachopotea kati ya kuachilia na kuning'inia chini ya akiba. Jambo moja tu la kukumbuka: upepo mkali ukikuburuta ardhini baada ya kutua nawe ukauachilia mwavuli mkuu, ukanda usiofunguliwa utaitoa akiba pia. Utamlipa fundi aikunje upya, na hiyo si hasara ya kulilia.

Kifaa cha otomatiki

Kifaa hiki hupima kimo na kasi, na kikigundua kwamba mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa karibu na ardhi, hukata kitanzi kinachofunga mwavuli wa akiba. Kielelezo cha kisasa, CYPRES cha kampuni ya Ujerumani Airtec, kiliingia sokoni mwaka 1991. Katika mpangilio wa wazoefu hufanya kazi kwenye mita 225 hivi iwapo kasi inazidi mita 35 kwa sekunde. Mtu anayeanguka kwa kasi ya kawaida ya kilomita 200 kwa saa huimaliza mita 225 kwa sekunde nne. Kwa sababu hiyo hakiwezi kuwa mpango wa kufungua mwavuli. Kipo kwa ajili ya aliyezimia au aliyepoteza kabisa hesabu ya kimo. Tena hakimwoni mtu aliye chini ya mwavuli uliofunguka nusu, akishuka polepole kuliko kasi hiyo. Hapo ndipo ukanda niliouzungumzia unapohitajika, na ndiyo maana vitu hivi viwili havibadilishani nafasi.

Vinavyolinganishwa kwa kawaida ni vitatu. CYPRES 2 ina historia ndefu kuliko wenzake, umri wa miaka 15 na nusu kwa vile vya miaka ya karibuni, na kiwanda hupendekeza kirudishwe kwa ukaguzi kila baada ya miaka mitano. Vigil, inayotengenezwa Ubelgiji, ina umri wa miaka 20 na humruhusu mwenyewe kubadili mpangilio kati ya mwanafunzi, mzoefu na wa watu wawili. M2 ya Jamhuri ya Cheki ina umri wa miaka 15 au miruko 15,000, na haidai kurudishwa kiwandani. Kwa mtu wa Lubumbashi kurudisha kifaa kiwandani ni posta, forodha na msimu uliopotea, kwa hiyo Vigil na M2 zina mvuto wa kweli. Hata hivyo, uamuzi wangu hufuata fundi: nunua kile ambacho fundi wa uwanja wako anakijua kwa mikono yake.

Chochote utakachonunua, kiwashwe uwanjani. Kifaa hujifunza ardhi iko wapi pale kinapowashwa. Kukiwasha Nairobi, mji ulio juu mno ya bahari, kisha kukishusha hadi Diani kikiwa kimewaka, ni kukipa ardhi isiyo yake. Kikifika kizimwe na kuwashwa upya.

Altimeta na kofia

Altimeta, yaani kipima kimo, ya mshale haihitaji betri, na mkao wa mshale kwenye rangi nyekundu hueleweka kwa jicho la haraka kabla hata ya kusoma tarakimu. Lazima mwenyewe airudishe kwenye sifuri uwanjani, kwa kuwa iliyowekwa sifuri Lubumbashi itasoma vingine kabisa pwani. Ya kidijitali hujirekebisha na kutunza kumbukumbu za miruko, lakini tarakimu huhitaji kusomwa. Kwa aliyefifia nachagua mshale mkononi, na kengele ya sikioni kama nyongeza tu. Mwenye leseni ya A hutakiwa awe ameshafungua kabla ya futi 3,000, yaani mita 900 hivi, na kufikia futi 2,500 awe ameamua kama mwavuli huo unafaa au anauachilia. Vimo hivyo vikae kichwani mwake. Kengele huisha betri.

Kofia ya pikipiki, ambayo kila mmoja wetu anayo au ameiona, haifai: ni nzito shingoni, hupunguza uwezo wa kuona pembeni, na kingo zake zinaweza kunasa kamba. Kofia ya mchezo huu iliyo wazi usoni ni nafuu na humwezesha mwalimu kuona uso wako. Iliyofunikwa hulinda meno na hupunguza kelele za upepo, ingawa kioo chake huweza kuingia ukungu. Ukinunua ya kufunika, tafuta iliyopimwa kwa kiwango cha Ufaransa cha XP S 72-600, kilichoandikwa mahsusi kwa mchezo huu. Cookie G4 ni mojawapo. Kofia iliyokwisha kupata pigo usiinunue hata ikipakwa rangi upya.

Kutunza nyumbani au kuacha kwa fundi

Ukishanunua, kuna chaguo jingine ambalo walio karibu na viwanja hawana haja ya kulifanya. Kuacha mkoba kwa fundi wa uwanja kuna gharama kidogo, lakini hukuondolea mizigo ya ndege na maswali ya forodha, na mwavuli wa akiba hukunjwa upya kwa wakati. Marekani muda huo ni siku 180, Ufaransa ni mwaka mmoja, na kila nchi ina sheria yake. Kuuweka Lubumbashi kunakuwezesha kufanya mazoezi ya kukunja na ya vishikio, jambo lenye thamani kubwa kwa anayeruka mara chache.

Ukiuweka nyumbani, adui wake wa kwanza hapa ni asidi. Nailoni huharibiwa na asidi, nasi tunaishi katika mkoa ambao asidi ya salfuriki husafirishwa kwa malori kwenda migodini kuchenjulia shaba na kobalti, na ambao wengi wetu huenda kazini kwa magari yaliyobeba betri na nguo za kiwandani. Mkoba usipande gari hilo wala usikae chumba kimoja na betri ya umeme wa jua. Jua lenyewe huidhoofisha nailoni. Joto la ndani ya gari huharibu mipira ya kufungia kamba. Na vumbi jekundu la kiangazi hukwaruza kamba na kuingia kwenye pete tatu. Kabati la ndani, lenye giza, kavu, lisilofikiwa na panya, latosha. Mara moja kwa mwezi zifungue pete na kuzikunjakunja mikanda yake, uzifute nyaya za kuachilia, kisha umwonyeshe fundi ulichokifanya kabla ya kuruka.

Fedha ya vifaa na fedha ya mafunzo

Anayebakiwa na dola mia kadhaa baada ya ununuzi hujikuta akilinganisha kamera na vazi jipya. Kamera USPA inapendekeza isubiri miruko 200, na vazi la mabawa haliruhusiwi kabla ya idadi hiyo. Mimi ningeziweka fedha hizo kwenye siku ya kwanza ya safari: saa moja ya mwalimu ukiwa umening'inizwa kwenye mikanda, ukifanya dharura moja baada ya nyingine, kisha mruko mmoja wa peke yako, kisha miwili ya kufungua juu, ili upate muda mrefu chini ya mwavuli wa kujaribu breki, mgeuko na njia ya kutua, kabla hujaruka na mtu mwingine yeyote. Kozi ya kuongoza mwavuli, ambayo viwanja vingi huitoa, inastahili fedha zaidi ya kifaa chochote nilichokitaja baada ya mwavuli wa akiba.

Na unapowaandikia uwanja kabla ya kusafiri, sentensi ya kwanza iwe na tarehe ya mruko wako wa mwisho, idadi ya miruko yako yote, uzito wako ukiwa umevaa, ukubwa wa mwavuli uliotua nao mara ya mwisho, na kimo cha uwanja ulikotulia. Kwa habari hizo tano mwalimu anaweza kukuandalia mwavuli unaofaa kabla hujapanda ndege pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi.